Barua Ambayo Hatukuiandika Kisumu

Binti yangu, aliyezaliwa na kulelewa huku Ohio, aliwahi kuketi mezani jioni tatu mfululizo akimwandikia mwandishi wa kitabu fulani barua ya kumweleza jinsi kitabu hicho kilivyomgeuza. Shuleni kwao halikuwa jambo geni. Kwa miaka mingi Maktaba ya Kongresi ya Marekani ilidhamini mashindano ya barua za namna hiyo kwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili, nao waliruhusiwa kumwandikia mwandishi yeyote, awe hai au marehemu.

Nilimtazama nikakumbuka bweni letu Kisumu na nakala moja ya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Ilikuwa imeng'oka jalada, ikizunguka kitanda hadi kitanda, na aliyeimaliza usiku alilazimika kuwasimulia wenzake asubuhi kwenye foleni ya uji. Safari ya Kongowea Mswahili, kijana anayetoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake, ilinigusa mahali ambapo sikuwa nimemwonyesha mtu, kwa kuwa mimi pia nilikuwa na baba ambaye habari zake tulizipata kwa wapita njia.

Ajabu ni kwamba muhula uleule tulifundishwa barua ya kirafiki: anwani juu upande wa kulia, tarehe, kisha "natumai u buheri wa afya". Tuliwaandikia binamu wa kubuni, tukawasimulia arusi ambazo hazikufanyika. Kengele ikilia, tunafungua fasihi na kuulizwa tueleze muktadha wa dondoo, alama nne. Hakuna aliyeviunganisha vipindi hivyo viwili, ingawa S.L.P. ya mchapishaji ilikuwa imechapishwa pale pale mwanzoni mwa kitabu.

Sisemi kwamba huku ni peponi. Mashindano huwafundisha watoto kuwapendeza waamuzi. Rasimu ya kwanza ya binti yangu ilijaa machozi ambayo hakuyalia, nami nikamwambia ayafute. Tena alikisoma kitabu chake peke yake, wala hakuwa na wa kubishana naye. Foleni yetu ya uji siwezi kuibadilisha kwa cheti. Hata hivyo, ubishi wetu uliishia foleni pale pale, na mwandishi mwenyewe, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya kama sisi, hakupata kujua. Nahofia kwamba mwandishi wa Kiswahili kwetu husikia zaidi kutoka kwa watahini kuliko kwa wasomaji wake.

Mwalimu wa Kisumu hahitaji mdhamini wala zawadi ili kulirekebisha hilo. Insha ya barua anaifundisha tayari; lililobaki ni kuliondoa jina la yule binamu na kuliweka la mwandishi ambaye darasa limemsoma, kisha zichaguliwe barua chache zipelekwe posta kweli, zikiwa na makosa yake ya sarufi.

Walibora alifariki Aprili 2020. Binti yangu ananikumbusha kwamba kwa kanuni zao hilo si kizuizi. Basi nimechukua karatasi, nikaandika anwani juu upande wa kulia na tarehe chini yake, na hapo nimekwama siku ya nne sasa, kwa kuwa salamu niliyofundishwa humtakia mtu buheri wa afya.