Majitaka ya viwandani Msimbazi: kabla ya faini, tuangalie kipimo

Masika yakianza Dar es Salaam, ubishi huwa uleule. Wakazi wa kando ya Mto Msimbazi, Vingunguti hadi Jangwani, hulalamika kwamba viwanda husubiri mvua vifungulie majitaka kwenye mitaro. Wenye viwanda nao huuliza: mbona majirani wanaotapisha vyoo kwenye mvua hiyohiyo hawafungiwi? Swali lao lina haki, ila linamfaa sana mchafuzi. Mtaro wa mvua ni wa wote, na maji yakishachanganyika hayana mwenyewe.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliipa NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia kiwandani na kuchukua sampuli, na iliweka wazi kwamba anayechafua ndiye alipe. Viwango navyo vipo: majitaka yanayotoka yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu ulio majini.

Lakini kipimo hicho huchukua siku tano maabara. Na sampuli ya saa nne asubuhi haimkamati aliyefungulia bomba saa nane usiku. Baya zaidi, kiwango kinapima ukali wa uchafu, hakipimi wingi wake. Mwenye kiwanda aliye na kisima chake anaweza kuyazimua majitaka yake kwa maji safi mpaka yashuke chini ya 30, akafaulu, na uchafu ukaingia mtoni bila kupungua hata gramu moja. Hapo faini ingepandishwa mara kumi isingesaidia kitu.

Upande wa pili nao usibezwe. Mabomba ya majitaka ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanafika sehemu ndogo tu ya jiji. Mtambo wa kusafishia maji unataka eneo, umeme, kemikali na fundi anayeujua; kiwanda kidogo cha sabuni kilichobanwa kati ya nyumba kinaviweka wapi? Kikifungwa, wa kwanza kulala njaa ni kibarua wa kutwa. Hata hivyo, gharama anayoikwepa mwenye kiwanda haipotei. Bustani za mchicha kando ya Msimbazi humwagiliwa maji hayohayo, na mchicha huo unaliwa mjini.

Kwa maoni yangu, mkaguzi aanze na vitabu kabla ya chupa ya sampuli. Maji yaliyoingia kiwandani lazima yawe yametoka kwa njia fulani: ndani ya bidhaa kama kinywaji, kwa mvuke, kwa bomba la majitaka, au kwa gari la majitaka lenye risiti ya kumwaga kwenye bwawa la kusafishia majitaka. Ankara ikionyesha maji mengi na risiti zikiwa chache, mwenye kiwanda aeleze tofauti imeenda wapi. Asiye na mtambo bado ana njia ya tenki na gari, na hilo hata kiwanda kidogo kinaliweza.

Kikwazo ni visima, kwa sababu maji yake hayapiti kwenye ankara ya DAWASA. Vibali vyake viko Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ofisi nyingine kabisa. Kila kisima cha kiwanda kifungwe mita, na usomaji wake umfikie mkaguzi wa mazingira kila mwezi. Pia chemba ya ukaguzi, yaani shimo la kuchukulia sampuli kwenye bomba la majitaka, ijengwe nje ya ukuta, ili anayekuja usiku asilazimike kumwomba mlinzi funguo.