Bajaji Iliyosoma

Jumapili iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara cha mpwa wangu, binamu yangu alilizunguka gari langu mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi wa mazao. Kisha akalibonyeza paa kwa kidole. Likabonyea.

"Kaka," akasema, kwa sauti ya kuwafikia hadi wapishi, "hili si gari. Hii ni bajaji iliyosoma."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ukinuna mbele ya ukoo ndiyo umekwisha, jina linakuganda mpaka kaburini. Lakini leo ni siku ya nne nalitafuna neno hilo na halimezeki.

Yeye ana Toyota 86 nyekundu. Injini ya lita mbili kutoka kwa Subaru, nguvu za farasi karibu 200, mgongo umeinama vizuri, sikatai. Analiita "kupe", yaani coupé, gari la milango miwili lenye paa la bati, na hukasirika nikimkumbusha kwamba kwa babu yetu kupe walikuwa wanaogeshewa ng'ombe dawa. Langu ni Mazda Roadster la 2001, lita 1.6, viti viwili, paa la turubai unalolifungua mwenyewe kwa mkono: vishikizo viwili juu ya kioo cha mbele, unavuta, unasukuma nyuma, basi. Hata kushuka hushuki.

Niyamalize ya kwake kwanza, nisije nikaambiwa nina upendeleo. Ni kweli gari lenye bati juu ni gumu zaidi. Chukua kiberiti, vua ganda la nje, ubaki na kile kidroo cha njiti, halafu kisokote kwa vidole viwili. Hilo ndilo gari la wazi. Paa ni sehemu ya mifupa, na ukiliondoa inabidi uongeze chuma chini, na chuma ni uzito. Langu angalau lilichorwa likiwa wazi tangu mwanzo, halikukatwa kichwa baadaye, lakini nikipita kwenye yale matuta madogo madogo yanayofuatana naiona fremu ya kioo inatetemeka. Nimekubali. Buti lake ni kubwa kuliko langu, nimekubali, ingawa sijawahi kuona anabeba nini zaidi ya viatu vya mazoezi asivyovivaa. Na mwizi mwenye wembe hahitaji ujuzi wowote kwangu. Hilo nalo nimekubali na sitalirudia.

Sasa anijibu yeye: huo ugumu anautumia wapi?

Mjini mwisho ni 50, na tochi imejificha nyuma ya kila mwembe. Ukitoka Mbezi kwenda Kibaha kuna malori, mabasi, na bodaboda anayekatiza na kitanda cha futi sita begani. Binamu yangu amenunua mnyama wa mbio na kumfunga kamba mguuni. Ili gari lake lianze kumwambia kitu lazima afike mwendo ambao trafiki naye ataanza kumwambia kitu. Mimi nikiwa 50, paa wazi, upepo uko masikioni, ekzosti naisikia inavyobadilika sauti kwenye kila gia, lami naisikia inavyokwaruza tairi. Hamsini yangu ina mambo mengi kuliko mia na ishirini yake aliyojifungia na kiyoyozi.

Tena mje niwapeleke Mombo.

Mwaka jana nilipanda Lushoto peke yangu. Ukishapita Korogwe, mashamba ya mkonge yanaanza kunuka, ile harufu ya uchachu ya majani yaliyosagwa. Hupendi, lakini unajua uko wapi. Mombo nilisimama kununua machungwa, jua linachoma mpaka usukani haushikiki. Kisha nikakata kulia kuingia mlimani. Barabara ile inajikunja kama utumbo, mwamba upande huu, bonde upande ule. Kona ya kwanza bado joto. Kona ya tano au ya sita, nikiwa gia ya pili, likaniingia kola ya shati wimbi la baridi, moja tu, likapotea. Nikadhani homa. Mbele kidogo likarudi. Hewa ile imepangwa kwa tabaka, na unazipita moja moja kama ngazi. Kisha moshi wa kuni, kisha mikaratusi, kisha udongo uliolowa. Karibu na Soni niliyasikia maporomoko kabla sijayaona, nikazima redio niliyokuwa hata siisikilizi. Watoto waliokuwa wanatoka shule wakapiga kelele "Halina paaa!" na kukimbia nalo sambamba, maana kwenye kona zile mtoto anakimbia karibu sawa na gari. Mmoja akaniuliza mvua ikinyesha nafanya nini. Nikamwambia naloa. Akaridhika kabisa.

Niliulizia baadaye. Binamu amepanda mlima huo huo na 86 lake mara mbili. Nikamuuliza hewa inabadilika sehemu gani. Akasema, "Hewa gani?"

Sidai kwamba nafungua paa muda wote. Jua la saa saba mchana Dar halina urafiki na mtu, na atakayefungua paa Kariakoo saa hiyo anatafuta umaarufu au kipandauso. Gari la wazi ni la alfajiri na usiku. Saa kumi na moja na nusu asubuhi juu ya daraja la Tanzanite, bahari inapumua chini yako, adhana zinajibizana kutoka upande wa mjini, na ukisogea mpaka Feri samaki wanakupokea kwa harufu kabla hujawaona wachuuzi. Hayo yote ni bure.

Mama yangu alipoliona mara ya kwanza aliuliza kama fundi bado hajamaliza. Nikamshawishi nimpeleke kanisani. Kutoka nyumbani hadi barabarani alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, ananiambia mwanangu funga, mwanangu watu wanatuona. Tulipofika Magomeni alikuwa ameufunga mtandio kidevuni na anawapungia abiria wa daladala kama mgeni wa heshima uwanja wa taifa. Konda akampigia saluti. Wiki ile ile akamwambia shangazi kwamba gari la binamu lina kiza ndani.

Na msidhani wenye akili hawajawahi kuliogopa gari la wazi. Miaka ya 1970 Marekani viwanda viliingiwa na hofu kwamba serikali itayakataza kwa ajili ya usalama, vikayaacha kimoja kimoja, hadi Cadillac wakalitangaza Eldorado la 1976 kuwa ndilo la mwisho. Halikuwa la mwisho. Februari 1989 Mazda walipeleka Roadster kwenye maonyesho ya Chicago, na Aprili 2016 likatoka kiwandani la milioni moja. Bajaji milioni moja! Hata Toyota walitamani: mwaka 2013 pale Geneva walionyesha hilo hilo 86 likiwa limekatwa paa, wakaishia kulionyesha tu. Binamu hapendi nikiitaja habari hii, kwa hiyo naitaja kila Krismasi.

Niseme na aibu yangu. Masika haya nililiegesha wiki nzima chini ya mwarobaini. Nyuma ya viti, pale turubai linapokunjwa, kuna matundu mawili ya kutolea maji, na sikujua majani membamba ya mwarobaini yanapendana nayo kiasi gani. Maji yakakosa njia, yakaingia ndani. Nilipofungua mlango zulia lilikuwa linanuka dagaa walioanikwa siku ya mawingu. Fundi aliingiza waya laini kwenye tundu, akatoa tope jeusi kiasi cha kiganja, akanitazama kama daktari anavyomtazama mzazi mzembe. Ndiyo, 86 halina matundu hayo. Nimesema.

Jumamosi narudi Mombo. Binamu kasikia, naye anakuja, ila kwa gari lake, kwenye bati lake, na kiyoyozi chake namba tatu. Sawa. Nimemwambia atangulie yeye, nitakuwa nyuma yake pale Soni naangalia kama atashusha vioo vya milango.