Kompyuta ya Laki Tisa Isiyoongezeka

Studio nyingi za video hapa Mombasa hazikununuliwa siku moja. Zimekua. Mwenyewe huanza na kasha la HP au Dell lililokwisha kutumika Ulaya, lina memori ya gigabaiti 16 na diski moja. Harusi za Mfungo Mosi zikilipa, memori inafika 32. Disemba ikilipa, inatafutwa kadi ya grafiksi ya maana. Mwaka unaofuata zinaingia diski mbili za kuhifadhia kazi za wateja, na baada ya miaka michache mtu ana mashine ya kutegemewa ambayo hakuna benki iliyomkopesha. Nafasi tupu ndani ya lile kasha ndizo zilizokuwa mkopo wake, tena usio na riba.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa kompyuta za kitaalamu zisizoongezeka, yaani zisizokubali kutiwa memori, diski au kadi zaidi baada ya kununuliwa, umeachiwa wapenda mashine wanaoshindana kwa vipimo vya kasi. Kwetu ni suala la mtaji kwanza, kasi baadaye.

Kisa kinachowauma wengi ni cha Mac Pro, kompyuta ya mezani ya kitaalamu ya Apple. Tangu 2006 hadi 2012 lilikuwa kasha la alumini linalofunguka ubavuni, na fundi yeyote mwenye akili zake aliweza kuongeza diski, memori na kadi. Mwaka 2013 Apple ikaleta silinda nyeusi, nzuri kutazama, yenye kadi mbili za grafiksi zenye umbo la peke yake ambazo hazikuwa na mbadala sokoni. Ilipofika Aprili 2017 wakuu wa kampuni wenyewe waliwaita waandishi wa habari wakakiri kwamba umbo lile liliwabana: joto halikuwa na njia ya kutoka kama ungetaka kadi moja kubwa zaidi. Wataalamu wakangoja hadi Disemba 2019 ndipo likaja kasha jipya, lenye nafasi 8 za kadi na nafasi 12 za memori, uwezo wa kufika terabaiti 1.5. Watu walilalamikia bei, lakini angalau mlango ulifunguka.

Kisha Juni 2023 kasha lilelile likatoka tena, na ndani yake mna chipu ya M2 Ultra, iliyobuniwa na Apple yenyewe. Memori inaishia gigabaiti 192, yaani sehemu moja ya nane ya lile lililotangulia. Imefungamana na chipu, kwa hiyo uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozikwa nayo. Nafasi za kadi zipo, lakini hazikubali kadi ya grafiksi hata moja. Ni za kadi za sauti, za kunasa video, za mtandao na za diski. Bei ilianzia dola 6,999. Kwa dola moja shilingi 129, hizo ni laki tisa na ushei kabla ya kodi na usafiri. Wakati huohuo Mac Studio, kompyuta ndogo ya mezani ya Apple isiyo na nafasi za kadi, yenye chipu hiyohiyo na kikomo kilekile cha memori ilianzia dola 3,999. Tofauti ya dola 3,000 ni ya nafasi za kadi ambazo mhariri wa kawaida wa video hana la kutia.

Hasira ya watu naielewa, na nyingi nakubaliana nayo. Lakini upande wa pili una hoja nzito kuliko wanavyokubali wakosoaji, na ningependa tuisikilize kwa haki.

Memori ya vijiti inayochomoka hupitisha data kwenye nyaya ndefu za madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na kwenye meno ya mguso. Kompyuta ya kawaida yenye njia mbili za memori ya DDR5, kizazi cha sasa cha vijiti, ya kiwango cha 5600 hupitisha karibu gigabaiti 90 kwa sekunde. M2 Ultra, ambayo memori yake imekaa ubavuni mwa chipu, hupitisha 800. Zaidi ya hayo, prosesa na sehemu ya grafiksi zinakula sahani moja. Mchoraji wa majengo mwenye faili la gigabaiti 100 anaweza kulifungua lote kwenye Mac yenye memori ya 192, ilhali kadi ya grafiksi ya RTX 4090 ya Nvidia, pamoja na nguvu zake zote, ina gigabaiti 24 tu za kwake. Kazi ikizidi hapo ama inakwama ama inakokota miguu.

Ushahidi ulionishawishi zaidi haukutoka Apple. Framework ni kampuni iliyojijengea jina kwa kutengeneza kompyuta za mkononi ambazo karibu kila kipande chake kinachomoka. Mwaka 2025 ilipotangaza kompyuta ya mezani yenye chipu ya Ryzen AI Max ya kampuni ya AMD, memori ilikuwa imelehemiwa. Walieleza kwamba walijaribu pamoja na AMD kutafuta njia ya kuifanya ichomoke, na mawimbi ya umeme hayakutulia vya kutosha kufikia gigabaiti 256 kwa sekunde. Kampuni ambayo biashara yake yote ni kufunguka ikishindwa, basi fizikia ina neno hapo, na anayesema memori ya kulehemiwa ni ujanja mtupu wa kibiashara anakosea.

Liko pia suala la stima na joto, ambalo mtu wa Mombasa hawezi kulipuuza. Kadi ya RTX 4090 peke yake inaruhusiwa kula wati 450. Mac Studio nzima yenye M2 Ultra, kikomo chake cha kudumu ni wati 370. Kwenye chumba kidogo cha juu pale Mji wa Kale au Bondeni, wakati wa kaskazi, tofauti hiyo unaihisi mwilini: ni kiyoyozi kinachozidiwa, ni betri ya akiba inayokata kabla kazi haijahifadhiwa, ni bili ya mwisho wa mwezi.

Na hewa yetu ina chumvi. Kila fundi wa barabara ya Digo anajua kompyuta isiyowaka inaanzia wapi: unachomoa vijiti vya memori, unasugua meno yake kwa raba ya shule, unarudisha, mashine inaamka. Kila kinachochomoka kina mguso, na kila mguso hapa pwani hupata kutu. Memori iliyolehemiwa haina ugonjwa huo. Tatizo ni kwamba siku chipu moja ya memori ikifa, raba haisaidii wala fundi hasaidii, maana pamoja nayo umepoteza prosesa na grafiksi. Ugonjwa mdogo wa mara kwa mara umebadilishwa na kifo cha ghafla. Aliye karibu na dhamana ya kiwandani atasema hilo ni badiliko zuri. Sisi ambao bara zima la Afrika halina hata duka moja la Apple lenyewe, hesabu yetu ni nyingine.

Wanaotetea makasha ya wazi nao wakubali mambo yao. Uwazi wa mashine za HP na Dell za kitaalamu una mipaka: pawa saplai na madabodi nyingi ni za maumbo ya kampuni yenyewe, hivyo ya duka la kawaida haiingii. Kwenye ThinkStation P620, kompyuta ya kitaalamu ya Lenovo, prosesa ya AMD ya Threadripper Pro ikishawashwa humo hufungwa kwa Lenovo. Ukiihamishia madabodi ya kampuni nyingine haiwaki. Kwa soko letu la vifaa vilivyotumika hilo ni pigo, kwa sababu mnunuzi wa tatu ndiye anayegundua. Hata ahadi ya kubadilisha prosesa baadaye huvunjwa. Walionunua madabodi za aina ya TRX40 mwaka 2019 kwa ajili ya prosesa za Threadripper wakitaraji kizazi kijacho walikaa wakingoja kizazi ambacho hakikuja kamwe. Vijiti vya memori vya DDR4, kizazi kilichopita, haviingii kwenye madabodi za DDR5. Na mwishoni mwa 2025 bei ya memori ilipanda kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinainunua yote, hadi Micron, mtengenezaji mkubwa wa memori, ikatangaza kuachana na Crucial, jina lake la kuuzia wateja wa kawaida. Nafasi tupu haina faida kubwa ikiwa kijiti cha kuijaza kimekushinda bei.

Hata hivyo, nafasi tupu inakupa jambo moja ambalo kasha lililofungwa haliwezi kukupa, nalo ni kungoja. Bei ikipanda unangoja. Aliyenunua mashine iliyofungwa hana mahali pa kungojea. Analazimika kukisia leo atahitaji nini miaka mitano ijayo, na kulipia makisio hayo papo hapo. Kwa M2 Ultra, kutoka gigabaiti 64 kufika 192 kulikuwa dola 1,600 zaidi. Ukikisia chini, unanunua mashine nyingine. Ukikisia juu, pesa yako imelala. Hatari ambayo zamani iligawanywa kati ya mtengenezaji, muuzaji wa vipuri na mnunuzi, sasa inabebwa na mnunuzi peke yake.

Mpaka hapo mtu mwadilifu anaweza kusema: sawa, ni gharama ya kasi. Nami kwa memori nasema hivyo. Kwa diski siwezi kusema hivyo.

Kwenye Mac Studio diski ya ndani haikulehemiwa. Iko kwenye nafasi yake, inachomoka. Lakini Apple inamtaka mnunuzi achague ukubwa siku ya kununua, wala haihesabu diski hiyo kuwa kitu cha mwenye mashine kugusa. Kinachochomoka ni chipu za kuhifadhia tu, kwani kidhibiti chake kimo ndani ya chipu kuu. Na kasi? Apple ilitaja hadi gigabaiti 7.4 kwa sekunde. Diski ya NVMe ya kawaida ya kizazi cha nne, ile ya bamba dogo isiyo na sehemu inayozunguka, inayouzwa madukani na kuingia kwenye madabodi yoyote ya kisasa, hufika palepale. Ile hoja ya fizikia iliyoitetea memori haipo tena. Kilichobaki ni uamuzi.

Uamuzi huo una uzito wa pekee hapa kwetu, kwa sababu ya kupamba. Asiyezijua harusi za Waswahili aelewe kwamba ile siku bibi harusi anapambwa na kutazamwa na wanawake wenzake, mwanamume haingii. Wapiga video ni wanawake, wahariri ni wanawake, na picha zile hazitakiwi kuonwa na jicho la nje. Ni amana. Haipelekwi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na dada anayeihariri hulala na diski hiyo ndani ya nyumba. Mashine yake ikiharibika, kasha la wazi linampa njia iliyonyooka: anachomoa diski, anabaki nayo, fundi anapewa chuma kitupu. Mashine iliyofungwa haimpi njia hiyo. Ama anaikabidhi nzima, ipandishwe basi kwenda Nairobi na video za watu ndani yake, ama asiitengeneze.

Kuna jibu, na nalitaja kwa sababu ni la kweli. Data ya kwenye Mac hizi imesimbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo mwizi aliyechomoa diski hapati kitu. Kwa wizi huo ni ulinzi bora kuliko wa kasha la wazi ambalo mwenyewe hakulitia nywila. Lakini ufunguo huohuo ukifa na madabodi, video za harusi ya mtu zimekwenda nazo, na ile harusi hairudiwi. Na fundi anayehitaji kuiwasha mashine ili aipime huomba nywila. Usimbaji unamlinda dada yule dhidi ya mwizi, haumlindi dhidi ya fundi aliyelazimika kumwamini.

Kwa hiyo msimamo wangu haugawanyiki nusu kwa nusu. Memori iliyofungamana na chipu naikubali, kwa sharti kwamba kila fursa ya kuifungua tena itafutwe kwa dhati. Tayari upo muundo wa LPCAMM2, bamba lenye memori ya aina ileile inayolehemiwa kwenye kompyuta za mkononi lakini linalofungwa kwa skrubu, na Lenovo iliutia kwenye ThinkPad P1 mwaka 2024. Haujafikia kasi za chipu kubwa, ila unaonyesha kwamba ukuta una ufa. Diski iliyofungwa siikubali, kwenye mashine ya bei yoyote, na hasa kwenye mashine ya laki tano au laki tisa.

Kwa anayepanga kununua mwaka huu, ningetenganisha kwa aina ya kazi. Mhariri wa video ambaye kazi zake ni za aina moja, anayelipwa kwa uhakika, na ambaye stima inamla, Mac Studio itamfaa kuliko kasha lolote, mradi anunue diski ndogo ya ndani na kuziweka kazi zote za wateja kwenye diski za nje zinazounganishwa kwa waya wa kasi wa Thunderbolt, anazoweza kuzifungia kabatini. Mac Pro ya 2023 simshauri mtu yeyote hapa mjini, isipokuwa studio ya sauti yenye kadi zake za zamani za kurekodia ambazo hazina pa kwenda. Anayeanza, ambaye mtaji wake unategemea harusi ijayo, atafute HP ya mfululizo wa Z au Dell Precision iliyotumika, na kabla ya kulipa amwombe muuzaji afungue ubavu: ahesabu nafasi za memori zilizo tupu, aangalie kutu kwenye viunganishi, asome wati za pawa saplai, na aulize kama pawa saplai nyingine ya umbo hilo inapatikana Mombasa au ni ya kuagizwa. Muuzaji akikataa kufungua, aende duka la pili.