Mpiga besi wa Molly O'Day anajulikana. Wa kwaya yetu ni nani?

Watangazaji wa vipindi vya nyimbo za zamani huku Kentucky, Marekani, wana tabia moja tamu, nayo ndiyo inayoniuma. Wimbo ukiisha hawarukii tangazo. Wanataja nani aliimba, nani alishika gitaa, nani fidla, mji gani, tarehe ngapi. Wiki hii zamu ilikuwa ya mwimbaji Molly O'Day.

Wengi hamjamsikia, na hata huku wapo wenyeji wasiomjua. Jina alilopewa na wazazi ni Lois LaVerne Williamson, mzaliwa wa McVeigh, kaunti ya Pike, mwaka 1923, kwenye nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Aliimba kwa kifua, bila kulainisha neno, kama mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya bonde. Banjo aliipiga mwenyewe kwa mtindo wa kale wa milimani, kucha zikizishukia nyuzi kutoka juu. Fred Rose, mchapishaji wa nyimbo, alimsikia mjini Knoxville akiimba “Tramp on the Street”, akampeleka kampuni ya rekodi ya Columbia. Tarehe 16 Desemba 1946 wakarekodi Chicago. Gitaa ni Lynn Davis, mumewe. Fidla ni Skeets, kaka yake Molly. Dobro, lile gitaa lenye sahani ya chuma tumboni, ni Speedy Krise. Besi ni kijana aitwaye Mac Wiseman. Hata Hank Williams, nyota wa kantri, kabla dunia haijamjua, alipata mlango kwa Fred Rose kwa sababu Molly alihitaji nyimbo.

Hadi 1951 alikuwa amewarekodia Columbia nyimbo 36. Wokovu ulishamtoa kwenye muziki wa biashara, na mwaka 1952 kikaja kifua kikuu, akakatwa sehemu ya pafu. Baadaye yeye na mumewe wakawa wainjilisti kwenye vijiji vya wachimba makaa vya West Virginia. Alifariki 1987. Mwaka 2014 mpiga besi wake aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la muziki wa kantri, ila yeye mwenyewe hadi leo hayumo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naiona Marekani kama mbinguni.

Ila majina yapo. Yapo yote, na si kwa sababu watu wa huku wana upendo kuliko sisi. Yapo kwa sababu ya hela. Chama cha wanamuziki kilidai fomu kwa kila kikao cha studio: nani kapiga nini, kwa saa ngapi, alipwe kiasi gani. Sheria ilimpa mwenye wimbo senti 2 kwa kila nakala, basi jina la mtunzi likachapwa kwenye lebo ya santuri. Pembeni ya lebo, palipo laini bila mifereji, wakachonga namba, na ukiifuata kwenye daftari la kampuni inakupa siku na mji. Ndiyo maana mwaka 1992 Wajerumani wa kampuni ya rekodi ya Bear Family waliweza kuzikusanya zile nyimbo 36 kwenye sidii mbili.

Sasa chukua kaseti yoyote ya kwaya ya nyumbani. Jaladani kuna picha ya watu thelathini wamevaa sare, jina la usharika, “Vol. 3”, na namba ya simu ya msambazaji. Basi. Yule dada aliyeanzisha ubeti wa pili, ambaye harusi na misiba yote ya nchi yetu imelia kwa sauti yake, hana jina. Siku hizi wimbo wake unazunguka kwenye simu ukiitwa AUD-20190304-WA0012. Hivi kweli?

Najua mtakachosema. “Utukufu ni wa Mungu, majina ya nini?” Fungueni Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 15. Hemani, Asafu na Ethani wametajwa, na ala waliyopiga imetajwa: matoazi ya shaba. Hata mwalimu wa kwaya yupo, Kenania. Walioandika hawakuona kwamba wanamnyang'anya Mungu chochote.

“Nyie wa majuu mnajidai, sisi hatuna hela za makavazi.” Kaunti ya Pike haikuwa na hela pia, na mimi sizungumzii jengo. Nazungumzia kalamu na karatasi ndani ya kava. Tena nitawapa haki yenu: huku jina limehifadhiwa na wimbo umebaki kwa wapenzi wachache, kwetu wimbo uko hai, watoto wanaupiga sauti nne bila kitabu. Nenda makanisa ya Wakongo ya Lexington na Louisville usikie Kiswahili kinavyoimbwa. Najivunia, na ndiyo maana nakasirika.

Basi kazi yenyewe: kuihamishia kaseti kwenye kompyuta na kuandika majina. Kaseti ikiwa na unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni ukungu. Usiipige, itachafua deki na kuambukiza nyingine. Iliyo safi, vunja kwanza vile vidude viwili vya mgongoni isirekodiwe juu kwa bahati mbaya, kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote, utepe ulegee. Sauti ikiwa hafifu na ya kuyumba, angalia kile kipande cha sponji kinachosukuma utepe kwenye hedi: gundi yake hufa kwa joto, kinadondoka. Fungua skrubu, hamishia utepe kwenye ganda jingine. Safisha hedi kwa spiriti. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, biti 24, 48 kHz. Dakika 60 ni kama GB 1. MP3 ya kutuma itatoka humo baadaye; ukianza na MP3, ubora uliopotea haurudi.

Halafu mtafute mwalimu wa kwaya wa enzi hizo, mpigie wimbo, andika: mtunzi, aliyeongoza, gitaa la solo, la rizimu, la besi, kinanda, fundi mitambo, studio, mwaka. Akikumbuka majina mawili tu, andika hayo mawili, na umuulize nani mwingine wa sauti ya tatu bado yuko hai. Anza na besi, maana ndiye wanayemsahau wa kwanza.