Rambo Nyeusi Ilinitunzia Siri

Mimi na mazingira hatuna ugomvi. Naomba hilo lieleweke mapema, maana binti yangu Zena yuko darasa la sita, yuko klabu ya mazingira ya shule, na akisikia baba yake ameisema vibaya miti atanitangaza mstarini. Miti naipenda. Bahari naipenda. Kasa sijawahi kukutana naye uso kwa uso, lakini nikiambiwa plastiki inamkaba koo, roho inaniuma kabisa. Ninacholalamikia ni kimoja: bili ya kumwokoa kasa inaletwa kwangu, Baba Zena wa Kimara, Dar es Salaam, na wala hailipwi kwa hela. Inalipwa kwa aibu.

Tuanze na rambo, ule mfuko wa plastiki.

Nyie mliokua juzijuzi hamuijui heshima ya rambo nyeusi. Mtu unatoka kazini umechoka, mfukoni una hela ya utumbo robo tatu. Unaingia bucha, unanong'ona kama unaungama dhambi, mwenye bucha anakuelewa, anakutilia kwenye rambo nyeusi, anafunga fundo. Basi hapo ushakuwa mheshimiwa. Unapita mtaani taratibu, rambo inaning'inia, majirani wanasema, "Baba Zena, leo kwako hapakaliki, nyama hiyo!" Unatabasamu tu. Hujadanganya, hujasema kitu. Rambo ndiyo iliyosema.

Tarehe 1 Juni 2019 ikapigwa marufuku nchi nzima. Ukikutwa nayo tu, faini sh. 30,000, au jela isiyozidi siku saba, au vyote viwili. Siku ile nilikaa kitandani nikawaza. Nikienda ndani nitawaambia nini wenzangu? Huyu kaiba ng'ombe, yule kavunja duka, mimi nilikuwa na rambo.

Nikatii. Sasa ikaja mifuko mbadala, ile migumu ya rangi rangi, sh. 500 mmoja. Ukweli ni mizuri, haionyeshi ndani. Tatizo lake haipatikani pale unapoihitaji. Nyumbani kwangu ipo ishirini na kitu. Mmoja una madaftari, mmoja una viatu vya shule, mmoja una mifuko mingine. Mimi nikifika bucha nina mikono mitupu, na siwezi kununua mfuko wa ishirini na kitu kila nikila utumbo. Utaniambia nibebe kikapu. Nilibeba, cha ukili, kizuri kabisa. Kabla sijafika gengeni watu wanne walishaniuliza Mama Zena anaumwa nini.

Ndipo mwenye bucha anapokutolea kile kifungashio cha plastiki nyembamba. Kwa sheria vile ni vya kufungia bidhaa, si vya kubebea, lakini mtaani ndivyo vinavyobeba. Na kinaonyesha! Kinaonyesha kila kitu, kama kioo cha duka la simu. Utumbo umejikunja mle ndani unawasalimia watu. Mtoto wa jirani anahesabu na vipande. Mtu niliyeheshimiwa kwa muda wote ule, siri yangu ikaanikwa kwa jioni moja.

Nikasema sawa, hiyo ni nyama. Kumbe ndio kwanza wanaanza.

Nafanya kazi Kariakoo, kwenye duka la vifungo na zipu. Kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza, Mei 2016, nilikuwa na rafiki mmoja mkubwa anaitwa foleni. Ukichelewa kwa sababu umelala, foleni. Ukipitia chai na chapati Manzese, foleni. Bosi anauliza, unatikisa kichwa tu, unasema, "Bosi, Ubungo leo..." Humalizii sentensi. Bosi mwenyewe anaimalizia kichwani, anakupa pole. Kuna siku alinipa na maji ya kunywa.

Mwendokasi ikaja, na barabara yake peke yake katikati ya barabara. Nisiwe mchoyo wa fadhila, imesaidia. Ni kweli asubuhi hupandi, unapandishwa. Ukiingia umenyanyua mkono, utateremka umenyanyua mkono, na pua yako itakuwa kwenye kwapa la mtu usiyemjua jina. Lakini inakwenda. Tena jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, ile ya 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata. Mimi nilifurahi kama Mtanzania. Mpaka bosi alipopata habari.

"Baba Zena, umechelewa."

"Bosi, foleni..."

"Foleni ya nini? Gari lina barabara yake, wewe umezuiwa na nani? Jiji limepewa tuzo, wewe unachelewa?"

Nilikosa jibu. Unabishanaje na tuzo? Na kinachoniuma zaidi ni kwamba bosi anakaa Mbezi Beach, anaendesha gari lake peke yake, viti vitano mtu mmoja, anafika dukani saa tano, na anasema foleni. Na sisi wote tunampa pole! Yaani anayechafua hewa ndiye aliyebakiwa na kisingizio.

Nyumbani nako. Wote tumesikia habari ya nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tumeachana na mkaa na kuni. Mama Zena hakusubiri 2034. Mtungi wa gesi wa kilo sita ukaingia ndani, na baada ya mwaka likaingia jiko la umeme la presha, lile linalopika maharage hata uniti moja haiishi. Mimi hilo jiko nililiogopa kuliko mkaa. Wenzangu wa kundi la uniti 75 kwa mwezi mtanielewa: ukizidisha unatolewa kwenye bei ya sh. 100 kwa uniti, unapelekwa kwa wakubwa, na kurudi huko si leo. Kwa hiyo kila likitoa ule mvuke wake, "tsss", mimi nakwenda kuchungulia mita.

Ila kilichonikera si mita. Mkaa ulikuwa mlinzi wa familia. Mgeni asiyealikwa akiingia saa saba mchana, unampokea vizuri, unampa kiti, unaagiza kwa sauti, "Mama Zena, mgeni wetu apikiwe!" Mama Zena naye anajibu kutoka uani, "Moto haujashika." Mkaa mbichi, tena kuna upepo. Baada ya nusu saa, "Ndio unaanza kushika." Mgeni anaangalia saa, anaangalia moshi, anakumbuka ana safari. Mnaagana kwa upendo, sifa ya ukarimu imebaki kwako na unga umebaki kwako.

Gesi ina moto gani wa kushika? Unageuza kitufe, bluu! Mgeni bado hajavua viatu. Mara ya kwanza tulijaribu, "Gesi imeisha." Shemeji yangu akanyanyuka, akaenda jikoni, akauinua mtungi, akautikisa kama dafu. "Mbona mzito?" Tangu siku hiyo mtungi wangu unatikiswa na kila anayeingia.

Hata starehe. Mimi mpira nautazama kibanda umiza, Simba na Yanga, watu sabini televisheni moja na feni moja, na hiyo feni inampepea mwenye kibanda. Zena akanipigia hesabu, akasema baba katika hilo umefaulu, umeme mnaotumia ukigawanywa kwa vichwa ni kama hakuna. Nikajisikia vizuri. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata nyumbani kwangu kwenye mambo ya mazingira, na nimeipata kwa kubanwa mbavu.

Lakini harusi! Zamani kadi ya mchango ilikuwa karatasi. Inatumwa kwa mtu, yule anampa mwingine, inakaa kwenye mkoba wa mtu wiki tatu, na wewe siku ya kuulizwa unafungua macho kwa mshangao: "Kadi? Mbona mimi haijanifikia?" Nani atabisha? Sasa wamegundua karatasi inatoka kwenye mti. Kadi inakuja kwenye simu, inachezacheza na muziki juu, tiki mbili za bluu zinatoa ushahidi kwamba umeiona saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Unaingizwa kundini bila kuombwa. Kila asubuhi mweka hazina anaweka orodha: Baba Zena, ahadi 50,000, taslimu 0. Ile sifuri naamka nayo, nalala nayo. Mti umeokolewa, mimi nani ataniokoa?

Na hapo sijawagusia wakwe.

Mke wangu ni Mluguru wa Morogoro. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mama mkwe akija kwako usijidanganye kwamba amekuja kutembea. Amekuja kukagua. Enzi za basi mambo yalikuwa na mizani yake. Kutoka stendi ya Msamvu mpaka Dar ilikuwa nusu siku. Chalinze mnashuka, mizani ya Vigwaza mnasimama, Kibaha mnatambaa. Akifika miguu imevimba, anasema shikamoo yenu nimeipokea, nionyesheni kitanda. Analala mpaka kesho, na kesho anaanza kuifikiria safari ya kurudi. Mara moja kwa mwaka, imetosha. Na sisi kwenda kwao, mimi nilikuwa na mgongo. Mgongo wangu ulikuwa hauwezi basi, daktari hakuwahi kusema ila mimi nilisema.

Juni 2024 treni ya umeme ikaanza safari za Morogoro. Sh. 13,000, chini ya saa mbili umefika, kiti cha kulala nyuma, hakuna moshi, hakuna vumbi. Nchi nzima ilipiga picha. Mama mkwe hakupiga picha, alikata tiketi.

Sasa anakuja kila mwezi, na anafika hajachoka! Hicho ndicho hawakutuambia. Anashuka Stesheni ngozi inang'aa, na furushi la magimbi na ndizi, nguvu zote za kukagua zipo palepale hazijatumika hata kidogo. Anafunua masufuria. Anatikisa mtungi. Anauliza kwa nini Zena kakonda. Na mgongo wangu umekosa kazi, maana nilipougusia akanikatiza kwa upole, "Mwanangu, treni haina mashimo."

Mtu pekee niliyemwonea wivu mtaani kwetu alikuwa Baba Hamisi. Yeye anaendesha teksi za kuitwa kwa simu, akafunga mfumo wa gesi asilia kwenye gari, gesi hii yetu ya kusini, ili aachane na petroli. Mafuta yakawa nafuu sana kwake, lakini si hilo. Vituo vya kujazia vilikuwa vichache, magari mengi. Baba Hamisi anatoka saa moja jioni, anarudi saa saba usiku. Mkewe akiuliza anasema, "Foleni ya gesi." Na ni kweli! Mtu mzima ana saa sita za kukaa kwenye kiti chake, redio inaimba, hakuna wa kumuuliza kitu, na mkewe anamfungia chai kwenye chupa aende nayo. Kati ya mambo yote ya mazingira, hilo tu ndilo lililomwachia mwanaume pa kujificha. Nilifika mahali nikaanza kuulizia bei ya gari ili nipate foleni.

Jumamosi iliyopita jioni nipo bucha, nimeshapimiwa robo tatu zangu, nimeshakabidhiwa kifungashio, utumbo unaangaza humo ndani kama samaki wa mapambo. Akaja Baba Hamisi kwa miguu, kainamisha kichwa kama anatoka msibani. Nikamuuliza kulikoni.

"Vituo vimeongezeka," akasema. "Jana nimejaza dakika ishirini."

"Pole sana, ndugu yangu."

"Nilifika nyumbani saa mbili. Mama Hamisi akaniuliza kama naumwa."

Tukasimama kimya. Kabla sijapata neno la kumliwaza, simu ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipo Pugu."

Pugu! Mwenye kuijua ile treni anajua, baada ya Pugu ni Stesheni. Zamani angenipigia yupo Chalinze, ningekuwa na jioni nzima ya kujipanga.

"Karibu sana mama, ngoja nije nikupokee..."

"Usihangaike, nitapanda mwendokasi, ina barabara yake. Mama Zena ameniambia upo bucha. Mungu akubariki kwa kunikumbuka, maana nyama mara ya mwisho nimekula sikukuu."

Simu ikakatika. Nikautazama utumbo. Utumbo ukanitazama. Watu watatu waliokuwa kwenye foleni ya bucha nao wakautazama. Nikamsogelea mwenye bucha, nikamwomba kwa sauti ya chini kama ana gazeti lolote la zamani aniviringishie.

"Gazeti?" akasema kwa sauti ya mtaa mzima. "Baba Zena, siku hizi watu wanasoma kwenye simu."