Seneti ya Marekani: anayehesabiwa ni mtu au jimbo?

Barabara kuu ya South Lake Tahoe, mji mdogo wa California, inapita kando ya ziwa mpaka mahali majengo marefu ya kasino yanapochomoza ghafla. Hapo ndipo mpakani. Ukivuka umeingia Stateline, jimbo la Nevada. Ziwa ni lilelile na theluji ni ileile, na wapo wanaolala upande huu wakafanya kazi upande ule. Ila kwenye Seneti, mojawapo ya mabunge mawili ya Marekani, majirani hawa hawalingani. Kwa sensa ya 2020, California ina watu 39,538,223 na Nevada 3,104,614, na kila jimbo lina maseneta wawili. Anayehamia ng'ambo ya mpaka huo, kura yake ya useneta inaongezeka uzito zaidi ya mara 12. Akiendelea hadi Wyoming, yenye watu 576,851, inafika mara 68.

Sote tumefundishwa kwamba demokrasia ni mtu mmoja, kura moja. Hata hivyo wanaoitetea Seneti wana hoja nzito, na naanza nao kwa sababu mara nyingi hukatizwa kabla hawajamaliza.

Kiangazi cha 1787, kwenye mkutano wa kuandika Katiba mjini Philadelphia, wajumbe wa Virginia, jimbo kubwa, walitaka mabunge yote mawili yagawanywe kwa ukubwa wa majimbo. William Paterson wa New Jersey akaleta mpango wa kinyume: kila jimbo kura moja, kama walivyokuwa wamezoea. Gunning Bedford wa Delaware alifika hadi kuwaonya wakubwa kwamba wadogo wakionewa watatafuta mshirika wa kigeni. Tarehe 16 Julai wakakubaliana: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, Seneti ifuate usawa wa majimbo. Mapatano hayo yalipita kwa kura za majimbo matano dhidi ya manne. Yangekwama, huenda Marekani tunayoijua isingekuwapo.

Mtanzania hahitaji kuelezwa sana hofu ya Delaware. Zanzibar, ambayo kwa sensa ya 2022 haikufikisha watu milioni mbili katika nchi ya watu zaidi ya milioni 61, iliingia kwenye Muungano ikiwa dola. Ndiyo maana mambo fulani ya msingi ya Muungano hayabadilishwi mpaka yapate theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Mdogo aliyeingia kwa mapatano ana haki ya kudai mapatano yaheshimiwe.

Tatizo ni kwamba hoja hii inayafaa majimbo 13 ya mwanzo. Yaliyobaki ni 37, na mengi kati yake hayakuwahi kuwa dola hata siku moja. Mipaka yake ilichorwa kutoka Washington. Itazame Wyoming kwenye ramani: ni sanduku, mistari minne iliyonyooka. Dakota nayo ilikuwa eneo moja hadi 1889, ilipokatwa vipande viwili na kuingizwa kama majimbo mawili, na Warepublican waliokuwa na nguvu huko walijua faida yake. Kwa sensa ya 2020 Dakota zote mbili hazikufikisha watu milioni 1.7, na zina maseneta wanne. Texas, iliyohesabiwa watu milioni 29, ina wawili.

Mtetezi atasema haidhuru jimbo lilizaliwaje, watu wake wapo na shida zao zipo. Kweli. Karibu nusu ya ardhi ya Wyoming ni mali ya serikali ya shirikisho, kwa hiyo malisho ya mfugaji wa kule yanaamuliwa mbali na kwake, na katika Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435 jimbo lake lina mmoja tu. Nani angemsikiliza?

Hoja hiyo inanigusa, lakini inanifanya niulize: kwa nini walio wachache walindwe pale tu wanapokuwa na jimbo lao? James Madison, mjumbe wa Virginia, aliwaambia wenzake mle mle Philadelphia kwamba kilichoyagawa majimbo hasa ni utumwa, wala si ukubwa. Historia ikamthibitishia. Mwaka 1922 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuwaadhibu wanaowaua Weusi kwa makundi ya watu wenye hasira. Maseneta wa Kusini, kulikokuwa na utumwa zamani, wakaurefushia mjadala hadi ukafa. Seneti iliwalinda wachache, naam, na wachache wenyewe walikuwa wale waliowakandamiza wenzao.

Mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliyazuia majimbo kugawa mabunge yao ya ndani kwa mtindo huu. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari. Seneti haikuguswa. Imo ndani ya Katiba, na ibara ya 5 inasema hakuna jimbo litakalonyang'anywa usawa huo bila lenyewe kuridhia. Sitarajii Wyoming itoe ridhaa, na kwa ajili ya yale mapatano ya 1787 niko tayari kuuacha usawa huo ubaki. Nisichokubali ni kuuongezea kinga ya pili, ile kanuni ya kura 60 za kufunga mjadala ili muswada upigiwe kura, ambayo haimo katika Katiba na inawawezesha maseneta 41 kati ya 100 kuzuia karibu muswada wowote.

Wala sikubali hali ya mji mkuu. Washington, isiyo sehemu ya jimbo lolote, kwa sensa ya 2020 ilikuwa na watu 689,545, wengi kuliko Wyoming na kuliko Vermont, na haina seneta hata mmoja. Vibao vya namba vya magari yake vimebeba lalamiko lilelile la wakoloni waliomwasi mfalme wa Uingereza: kutozwa kodi bila uwakilishi. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuufanya mji huo kuwa jimbo. Ukapelekwa Seneti, wanakoketi wawili wa Wyoming na wawili wa Vermont, na ukaishia hapo.