Lazima kila hadithi ya binti iishie kwa kilio?

Juzi usiku nilifunga kitabu katikati ya hadithi, binti yangu wa miaka sita akanuna. Ni kitabu cha zawadi, na jalada linatangaza kwa herufi kubwa kwamba kinawafunza wasichana adabu. Nimekisoma chote, kwa hiyo nisiambiwe sijakielewa. Msichana anayejibu wakubwa anapotea msituni. Msichana mdadisi anafunua chungu alichokatazwa, anaota pembe. Msichana anayecheka kwa sauti anakosa mchumba. (Ana miaka mingapi? Hatuambiwi, ila kwenye picha kabeba mwanasesere.) Na hiyo ya juzi: binti anakataa kukaa mapajani mwa mgeni wa baba yake, anachapwa kwa kukosa heshima, anaomba radhi, nyumba nzima inafurahi.

Hapo ndipo nilipokifunga.

Kitabu cha kaka yake kiko rafu ileile. Sungura wa humo anadanganya tangu ukurasa wa kwanza, anamwibia fisi, anamwacha simba kwenye mataa, na mwishowe tunampigia makofi. Wa kiume akifanya ujanja ni akili. Wa kike ni pembe.

Wala si jambo la jana. Mwandishi Mfaransa Charles Perrault alipochapisha kisa cha msichana wa kofia nyekundu mwaka 1697, mtoto aliliwa na mbwa mwitu, hadithi ikaishia hapo, kisha yakafuata mashairi ya kuwaonya wasichana wasimsikilize kila anayewasemesha. Mbwa mwitu hakutungiwa hata ubeti mmoja wa kumkanya.

Mnaosema vitisho ndivyo vinavyofunza, hebu sikilizeni. Mwaka 2014 jarida la Psychological Science lilitoa utafiti wa wanasaikolojia Kang Lee, Victoria Talwar na wenzao. Watoto 268 wa miaka 3 hadi 7 walikatazwa kuchungulia kichezeo kilichokuwa nyuma yao, mkubwa akatoka chumbani. Aliporudi aliwasomea hadithi, kisha akawauliza: ulichungulia? Waliosomewa kisa cha mvulana mwongo na mbwa mwitu, au cha Pinocchio, kikaragosi wa mbao anayerefuka pua akidanganya, hawakusema kweli zaidi kuliko waliosomewa kisa cha sungura na kobe, ambacho hakihusu uongo kabisa. Waliosema kweli zaidi ni waliosikia jinsi George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivyokiri utotoni kuukata mcheri, na baba yake akamsifu. Watafiti walipoubadilisha mwisho, Washington akadanganya na kuadhibiwa, nguvu ya kisa ikayeyuka.

Cha kuchekesha, wanahistoria wanaona kisa hicho cha mcheri kilitungwa tu na Mason Weems, mwandishi wa maisha ya Washington. Uongo ndio uliowafunza watoto kusema kweli! Nilicheka peke yangu jikoni.

Mimi nauelewa hivi: mtoto anayesikia kila siku kwamba mkosaji huliwa hajifunzi kuacha kosa. Anajifunza kulificha.

Haya, nakubali, ingawa kwa shingo upande: adabu hufunzwa. Salamu, ahsante, kumwachia mwenzako amalize kusema. Zimwi la paukwa-pakawa nami lilinizuia kufungua mlango ovyo, silikani. Ila asije mtu kunikumbusha ya asiyefunzwa na mamaye. Mamaye ndiye huyu anayeandika.

Lakini hadithi ya mapajani siisamehi. Binti akikuzwa akijua kwamba kukataa kushikwa ni utovu wa adabu, siku atakayohitaji kukataa atakumbuka nini? Atakumbuka fimbo. Na akiwa na jambo zito la kuniambia, atapima kwanza kama litamletea kipigo, kisha atanyamaza, nami nitamsifu kwa majirani kwamba mwanangu ni mtulivu. Nalala na hofu hiyo. Upole nautaka, ukweli nautaka, ila zaidi ya vyote nataka aweze kuja kwangu na neno baya bila kutetemeka.

Basi juzi, mwenyewe bado kanuna, akauliza: "Mama, sasa iliishaje?"

Nikamwambia binti alisema hapana, baba yake akasema sawa, mgeni akaletewa kiti.

Akafikiri kidogo. "Lakini alimsalimia?"

"Alimsalimia vizuri tu."

"Haya," akasema, akageukia ukutani.